Pombe ya Uchumba

Habari ya kifo cha Mwalimu Manka ilinikuta Sumbawanga, asubuhi, nikiwa nimepiga magoti juu ya begi nikijaribu kulifunga. Nilikuwa nahama tena. Prosper ndiye aliyenipigia simu, na alipoanza kwa kuniuliza habari za mvua za huko nikajua kuna msiba, maana Prosper hajawahi kujali mvua ya mtu mwingine. "Mpare," akasema mwishowe, "mama yetu ametuacha." Nilikaa sakafuni, begi limeachama kando yangu. Kwa umbali ule nisingewahi maziko. Nimeishi hivyo tangu ujana, mji huu mwaka, mji ule miaka miwili, kila mahali nikifanya kazi ileile niliyofundishwa na yeye, na kila mahali nikiona kwamba nyumba yenyewe iko kwingine. Basi nilichoweza siku ile kilikuwa kurudi kwa mawazo katika mwaka mmoja niliokaa kwake Rau, na kuupitia chumba kwa chumba.

Mambo ya kwetu Usangi, Upareni, nitayaacha. Inatosha kusema nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nilikuwa sitaki kukaa nyumbani, na mtu mmoja aliniambia kwamba Moshi kuna mama anafundisha vijana kazi ya kuwahudumia walevi. Nilidhani ni kazi ya kuwaokota barabarani. Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa kimefunguliwa. Mitumba ilijaa hadi kwenye vibaraza, redio mpya ziliongea kutwa, simu za mkononi zilikuwa ndiyo zinaanza kupanda mlimani mfukoni mwa wachache, na pombe kali ilikuwa inauzwa katika vifuko vya plastiki kwenye dirisha lilelile la chumvi na kibiriti. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka. Huko juu watu walikuwa waking'oa mibuni iliyopandwa na babu zao ili wapande nyanya. Wanaume waliozoea kungoja malipo ya msimu walibaki wakingoja tu, na kungoja kuna kiu yake.

Kituo cha Mwalimu Manka kilikuwa nyumba ya mnunuzi wa kahawa wa zamani, karibu na msitu wa Rau, yenye bati jekundu na madirisha madogo. Stoo ya magunia ilikuwa imegeuzwa bweni la wagonjwa. Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa upya, lakini harufu ya kahawa mbichi haikutoka, na wagonjwa wapya waliolala pale wakitetemeka na kutapika walikuwa wakisema wanaota wamerudi utotoni kwao. Wale waliozidiwa, Mwalimu Manka aliwapeleka hospitali yeye mwenyewe. Hakuwa na mzaha na siku za kwanza za kuacha pombe, alisema zinaua. Sebule ilikuwa darasa letu. Lakini shule yenyewe ilikuwa jikoni, kuzunguka meza ndefu ya mbao ambako kila asubuhi wote, wagonjwa na wanafunzi, tulimenya ndizi. Utomvu ulitunata vidoleni, macho yalikuwa chini, na watu ambao sebuleni walikuwa mabubu walianza kusema. Asubuhi tulikula mtori wa ndizi na nyama, mchana makande au kiburu, ndizi na maharage vilivyopondwa mpaka vinasimama vyenyewe kwenye sahani. Mimi niliyekuja nikidhani ndizi ni tunda nilinenepa mwaka ule kuliko mwaka wowote wa maisha yangu.

Mwalimu Manka alikuwa amefanya kazi miaka mingi ya uuguzi wa magonjwa ya akili huko Dodoma kabla ya kurudi kwao. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini, na sweta la kijani ambalo hakulivua hata jua la Januari lilipowaka. Wiki za kwanza alitukataza kutoa ushauri wowote. "Mmejaa ushauri kama kuku alivyojaa viroboto," alituambia. "Kwanza mjikung'ute." Kisha akamtaka kila mmoja wetu aache kitu anachokipenda kwa mwaka mzima, ili tujue kidogo tunachokidai kwa wenzetu. Mimi niliacha sukari kwenye chai. Prosper, kijana wa Kibosho mwenye mabega ya mbeba magogo na mdomo usiopumzika, aliacha kusoma habari za mpira. Siku moja Mwalimu alimkuta nyuma ya jiko amekunjua karatasi ya gazeti iliyofungia maandazi, anasoma habari za mpira kupitia madoa ya mafuta.

"Prosper, andazi liko wapi?"

"Nimeshakula, Mwalimu."

"Na hiyo unayokula sasa?"

Mwalimu alicheka mpaka akashika ukuta. Hakumwadhibu. Alimwambia akae mezani awasimulie wagonjwa jinsi alivyojidanganya mpaka akafika nyuma ya jiko, hatua kwa hatua, na wagonjwa walimsikiliza kwa makini kuliko walivyowahi kusikiliza mhubiri. Mzee mmoja alitikisa kichwa akasema, "Kijana, hata mimi nilianza kwa kununua maandazi." Nimekaa katika semina nyingi tangu wakati ule, zenye viyoyozi na mabango, na sijaona somo la kurudia ulevi lililofundishwa vizuri hivyo.

Mgonjwa ninayetaka kumkumbuka aliletwa na mkewe baada ya mvua za vuli. Tulimwita Baba Haika, kwa jina la binti yake mkubwa. Alikuwa mtu wa Machame, mwembamba, mpole akiwa na akili zake. Zamani alikuwa mpagazi wa watalii. Kila mtu kwao alijua kwamba mwaka mmoja hali ya hewa ilibadilika huko juu, na kwamba mwenzake waliyelala naye hema moja hakuamka. Hakuna aliyejua zaidi ya hapo, na mimi katika ugeni wangu nilitaka kujua. Siku moja tukimenya ndizi nikamwuliza, "Baba, huyo mwenzako mlikuwa mkiongea nini kabla?" Kisu chake kikasimama. Mwalimu Manka, kutoka upande wa pili wa meza, akasema kwa upole, "Baba Haika, nisaidie kuleta kuni." Wakatoka. Mwalimu aliporudi aliniita pembeni. "Kidonda kile ni chake," akaniambia. "Siku akitaka kukifunua, atakifunua kwa mkono wake mwenyewe. Kazi yako ni kuhakikisha mahali hapa pana joto." Baadaye sana, mwezi wa mahindi machanga, alianza kusema kidogo kidogo, siku moja baridi, siku nyingine blanketi alilokuwa amejifunika yeye, siku nyingine jinsi alivyomwita mwenzake kwa jina asubuhi akidhani anamtania. Alikunywa ili alale, alisema. Bila pombe, kila akifumba macho alikuwa hemani. Mwalimu alimfundisha kuamka, kuweka miguu kwenye sakafu, kugusa ukuta na kutaja kwa sauti vitu vilivyo chumbani. Tulimsikia kupitia ukutani: kitanda, ndoo, dirisha, Rau.

Alipata nafuu. Akarudi kwao, akawa anashuka kila wiki kukaa nasi mezani. Ndipo jambo la Haika likaja. Kijana wa Hai alikuwa amempenda, na wazazi wa kijana walikuwa wametuma neno kwamba wanakuja na pombe. Kwa msomaji asiyejua mambo ya huko, nieleze. Pombe hiyo ni mbege, ya ndizi na ulezi. Anayeileta huionja kwanza, kuonyesha haina ubaya. Kisha kata, kibuyu cha kunywea, humfikia baba wa binti, naye akinywa, ameridhia. Asipokunywa, amekataa. Hakuna karatasi, hakuna sahihi, ni kinywa chake tu. Baba Haika alitueleza huku akimenya ndizi ileile ambayo ganda lake lilikuwa limekwisha zamani. Akinywa, alijua hatakomea hapo. Asipokunywa, ndoa ya mwanawe imekufa uani mwake.

Sisi wanafunzi hatukuona ugumu. Tulikuwa tumefundishwa jinsi ya kumsaidia mtu akatae pombe, kwa kumtazama mwenzake usoni, kusema kwa ufupi na kutoomba radhi. Prosper alikuwa amejaa uhakika. "Baba, unasema tu, 'Ahsanteni, mimi sinywi.' Basi. Uko huru."

"Vizuri," akasema Mwalimu Manka. "Tujaribu. Prosper, wewe ndiye baba wa kijana. Mpare, wewe shangazi yake. Nileteeni kata."

Alikuwa na sheria moja aliyoiamini kuliko zote: usimpe mgonjwa neno ambalo hujalisikia mahali litakaposemwa. Basi tulisogeza meza, tukaweka viti kama uani, na kata ikajazwa uji mwepesi. Wagonjwa wakawa ndugu wa pande zote mbili. Prosper aliingia kwa mwendo wa kizee, amevaa koti la mtu, akasalimia, akasifu migomba, akalalamikia bei ya kahawa, na watu walicheka. Akaonja uji. Akampa Baba Haika kata kwa mikono miwili. Baba Haika akamtazama usoni kama tulivyomfundisha, akasema, "Ahsanteni. Mimi sinywi."

Nilimwona Prosper akibadilika. Hayakuwa maigizo tena. Shingo yake ilivimba, na akasimama na kata mkononi, uji ukimwagikia viatu. "Hunywi? Nimetoka kwangu na watu wangu, mbele ya dada zangu, na wewe unaniambia hunywi? Pombe yangu ina nini? Mwanangu ana nini?"

"Prosper," nikamwambia, "ni uji."

"Nyamaza, shangazi! Twendeni. Hapa hatutakiwi." Na kweli alielekea mlangoni, na wagonjwa wawili waliokuwa ndugu zake wakasimama wamfuate, wamenuna. Alipofika kizingitini akageuka, akaona tunamtazama, akarudi akakaa. "Mwalimu," akasema kwa sauti ndogo, "nimekasirika kweli."

"Nimeona," akasema Mwalimu. "Mshukuruni Mungu mmekasirika hapa." Hakututania wala kutuonyesha tulivyokuwa wajinga. Alisema hata yeye alikuwa amesahau, kwa kukaa mbali na kwao muda mrefu, kwamba neno linalomwokoa mtu baa linaweza kumwua uani.

Tulijaribu mengine. Mtu akasema aguse kata kwa midomo tu bila kumeza. Baba Haika akatikisa kichwa. "Ikinifika puani nimekwisha. Ninyi hamwijui." Mwingine akasema ajifanye mgonjwa. "Mgonjwa wa nini?" akauliza. Mwalimu Manka aliliacha swali lile likae, kama alivyokuwa akifanya daima, mpaka mimi nikaanza kuhesabu mbao za dari. Mwishowe Baba Haika akasema, kama anayejisemesha, kwamba dada yake mkubwa ana haki ya kusema kwa niaba ya nyumba yao, hata kunywa kwa niaba yake, ila watu lazima waambiwe kwa nini.

"Na unaogopa nini?" Mwalimu akauliza.

"Wajue binti yangu ametoka nyumba ya mlevi."

"Hawajui?"

Akacheka kidogo, cheko la uchungu. "Wanajua wote. Hakuna aliyewahi kusema."

Siku ya soko nikafuatana naye mpaka sokoni Kwa Sadala, maana baba wa kijana alikuwa dalali wa ng'ombe pale. Baba Haika alitaka kumwambia kabla ya siku ya pombe. Mwalimu alinituma niende kwa sharti moja, nisifungue mdomo. Tulimkuta mzee yule, mnene, amevaa kofia ya sufi, anapapasa mbavu za ndama huku akimtukana mwenye ndama kwa furaha. Tulipomwamkia aliitika "Marahaba" bila kugeuka. Alipogeuka akamtambua, akafuta mikono, akatupeleka kibandani kwenye chai. Baba Haika hakugusa kikombe. Alisema moja kwa moja, kama mtu anayeruka mfereji: "Mkwe, kabla hujapanda kwangu, jua mimi nina ugonjwa wa pombe. Nimetibiwa. Nikionja tone, narudi nilikotoka. Siku ile sitakunywa. Nampenda kijana wako."

Nje ng'ombe walilia. Nilikuwa na maneno mengi mdomoni, yote mazuri, nikayameza pamoja na chai isiyo na sukari. "Nimekusikia," akasema dalali mwishowe. "Siku ile nitakuja na watu, na watu wana macho. Pombe nitaleta, ndiyo desturi. Siahidi kitu." Akainuka kwenda kwa ndama wake. Baba Haika alitembea mpaka barabarani. Alipita mbele ya madirisha ya vifuko vya pombe, moja, jingine, jingine, na mimi nyuma yake nikijua sasa kwa nini nilitumwa.

Siku yenyewe ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Mwalimu Manka, Prosper na mimi tulialikwa kama jamaa, tukakaa nyuma, kwenye benchi la ukuta wa zizi. Haika alikuwa ndani na wanawake. Mara moja nilimwona mlangoni, amekishika kitasa kwa mikono yote miwili. Wakwe walifika na mapipa ya mbege na nyimbo. Salamu zikawa ndefu. Migomba ikasifiwa. Bei ya kahawa ikalalamikiwa, na Prosper akanipiga kiwiko. Kisha dalali akachota, akaonja, akafuta midomo, akainyoosha kata.

Baba Haika aliipokea kwa mikono miwili. Aliishika mbali na uso wake. "Ndugu zangu," akasema, "pombe hii ni njema na nimeipokea. Lakini mimi ni mgonjwa wa pombe, mnajua wote. Kinywa changu leo ni dada yangu." Akampa dada yake, mama mzee mwenye kitambaa cheupe, naye akanywa, akanywa vizuri, bila haraka.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Upande wa wakwe mwanamume mmoja alisema, si kwa sauti ndogo, "Toka lini mwanamke akapokea pombe ya binti?" Mwingine akasema, "Amekataa huyo." Benchi lao likaanza kusogea. Nilitaka kusimama. Niliona maneno yote niliyojifunza yakijipanga. Mkono wa Mwalimu Manka ukatua juu ya kifundo cha mkono wangu ukabaki pale, mzito na mtulivu, na nilipomtazama nikaona yeye mwenyewe anapumua kwa shida. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kimya chake hakikuwa ubaridi. Kilimgharimu. Lakini hakuinuka, kwa kuwa mtu yule alikuwa amesimama kwa miguu yake mwenyewe, na kumshika wakati ule kungekuwa kumwangusha.

Dalali alivua kofia yake. "Kaeni," akawaambia watu wake. "Nauza ng'ombe tangu nikiwa kijana. Sijawahi kuona mtu akinifuata mpaka sokoni kunionyesha kasoro ya zizi lake kabla sijanunua. Huyu alinifuata." Akamgeukia yule aliyesema. "Wewe mwenyewe uliniuzia ng'ombe kiwete mwaka jana, ukamfunga kwenye matope nisione mguu." Uani mzima ukapasuka kwa kicheko, hata yule mwanamume alicheka, na vigelegele vikatoka ndani kabla mtu hajasema kitu kingine. "Aika, mbe," Baba Haika akasema, ahsante bwana.

Lakini siku ilikuwa bado ndefu, na mapipa yalikuwa yamejaa. Kata zilizunguka. Harufu ilitanda uani kote, tamu na chachu. Nilimwona Baba Haika akisogea mpaka ukingoni mwa ua, akirudi, akisogea tena, macho yakihangaika, na niliona midomo yake ikitaja kitu: mgomba, benchi, zizi. Prosper akamwambia Mwalimu kwa mnong'ono, "Tumwondoe?" Mwalimu akasema, "Ngoja. Ni kwake." Wakati huo mbuzi alikuwa amekwisha kuchinjwa na amelazwa juu ya majani ya migomba. Kwa wale watu, kugawa nyama si kazi ya kila mtu. Kila mwana ukoo ana fungu lake, na anayekata akikosea amemvunjia mtu heshima. Tangu Baba Haika alipozama kwenye pombe, kazi ile ilikuwa imehamia kwa mdogo wake. Mzee wa ukoo, mwenye fimbo, akatazama huku na huku, akamwona pale ukingoni.

"Njoo hapa," akamwita. "Hawa wote wameshakunywa. Nani mwingine nimpe kisu?"

Baba Haika alikuja. Mdogo wake alisita kidogo, kisha akampa kisu, mpini mbele.

"Mkono unatetemeka?" mzee akauliza.

"Unatetemeka, baba. Naogopa."

"Woga haukati vibaya. Kata."

Akapiga magoti. Mwanzoni alikata polepole, akiuliza kidogo, kisha akaacha kuuliza. Mwalimu Manka alikuwa amesimama sasa, shingo ameirefusha ili aone juu ya vichwa vya watu, sweta lake la kijani limelowa ukungu, na sijawahi kuona uso wa mwalimu ukiwa na furaha ile ya mwanafunzi. Baba Haika alipanga mafungu juu ya majani, akasimama, akaanza kuwaita: wazee kwanza, kisha wakwe, kisha dada yake, kisha wengine kwa mpangilio aliokuwa nao kichwani muda wote ule. Hakumruka mtu. Na kila aliyesikia jina lake aliweka kata chini, akaja, akapokea kutoka mkononi mwake.